Pumzi Mbili Gizani

1

Nilikuwa nimebakiza siku kumi na moja nistaafu waliponiletea bibi harusi nimpime jipu la ubongo ambalo hakuwa nalo.

Aliingia ushungi umekaa upande, hina bado mbichi miguuni, na nyuma yake baba mtu anafoka kwa sauti iliyosikika mpaka wodi ya pili. Askari walikuwa wamemzuia saa tatu nzima pale Geti la Soko. Gari la bwana harusi lilikuwa likimsubiri ng'ambo ya geti, wapishi wameshaepua masufuria, na msichana wa watu kasimamishwa chini ya taa ya zambarau, mikono juu kama mwizi. Kipimo kilisoma sitini na mbili. Mtu akizidi arobaini, havuki.

"Amewahi kupasuliwa kichwa?" nilimuuliza baba yake, kwa sababu fomu inataka niulize.

"Daktari, huyu mtoto hajawahi hata kung'olewa jino!"

Wala sikuhitaji jibu. Nilikuwa nimeshanusa asumini tangu alipofika mlangoni. Siku saba kabla ya harusi, kila bibi harusi wa mji huu husingwa na kungwi wake kwa liwa, maua na manjano, kuanzia nyuma ya masikio mpaka nyayo. Mama yangu alisingwa, na mimi nilisingwa nikalia kwa kuwashwa. Sasa manjano yakipigwa taa ya zambarau yanang'aa, na yamekuwa yaking'aa tangu dunia iumbwe. Lakini waliofunga zile taa kwenye mageti ya mji mzima walikuwa wanaume watupu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza mkewe.

Niligonga muhuri kwenye cheti nikamwambia aende akaolewe. Alikuwa wa nne mwezi ule.

"Baba wa huyu ana jina mjini," alisema Sista Perpetua, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, huku akiniwekea chai mezani. "Safari hii watu wa Idara ya Mageti watakuja, Daktari. Watakuja kuuliza."

"Waje baada ya siku kumi na moja."

Barua yangu ya kustaafu ilikuwa pale pale mezani, chini ya kikombe, na tayari ilikuwa na alama mbili za chai. Nilikuwa nimechoka. Si kuchoka kwa miguu, huko nilishakuzoea. Nilikuwa nimechoka kuonekana mtu mwema kwa kitu ambacho nilijua kimewafanyia watu nini.

2

Rangi ambayo taa zile ziliwekwa kuitafuta tuliitengeneza watu watatu, na wenzangu wawili wameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo lawama zote zimebaki kwangu, na sikatai.

Homa ya sikio ilipoingia mjini, tulikuwa tunapasua kwa kubahatisha. Mdudu anaingia sikioni, anapanda mpaka kwenye ubongo, anajijengea jipu, na hakuna kidonge wala sindano inayomgusa. Inabidi ufungue fuvu umtoe kwa mkono. Ubongo mgonjwa na ubongo mzima, ukiutazama hivi hivi, unafanana kama uji wa sufuria moja. Ukiacha usaha kidogo, jipu linarudi. Ukizidisha kukata, mtu anaamka hajui jina la mwanawe. Nimeamsha watu wa namna hiyo. Nakumbuka nyuso zao kuliko nyuso za waliopona.

Rangi yetu ilinata kwenye ganda la yule mdudu na si mahali pengine popote mle kichwani. Unamchoma mgonjwa sindano ya mshipa, unasubiri saa nne, unafungua fuvu, unawasha taa ya zambarau, na usaha unakuonyesha kijani mahali ulipo. Unakata kijani mpaka kinapoishia. Hapo unaacha. Mwaka wa kwanza tulipasua watu mia mbili na kumi, na tuliowazika hawakufika kumi na tano.

Lakini mmoja kati ya ishirini jipu lilikuwa linamrudia, na anarudi kwetu amechelewa. Ndipo nikaamua, mimi peke yangu, rangi isitoke mwilini upesi. Niliifungia kwenye mafuta ya chini ya ngozi ikae mwaka mzima, ikinywewa na damu kidogo kidogo, ili mdudu akichomoza tena imkamate bila sindano nyingine. Mgonjwa angekuja kliniki kila mwezi, tungemmulika kichwa pale tulipokata dirisha kwenye mfupa, tungeona. Madhara yake yalikuwa kwamba ngozi nayo ingeng'aa kwenye taa ya zambarau kwa muda huo. Nilisema ni jambo dogo. Hayo ndiyo maneno niliyoandika kwenye ripoti: jambo dogo.

Miaka miwili baadaye Idara ya Mageti ilifunga taa za zambarau sokoni, kivukoni, shuleni, misikitini na makanisani. Anayeng'aa havuki, na jina lake linaandikwa. Aliyepona hamwambukizi mtu. Anayeambukiza ni yule ambaye jipu limemrudia mpaka sikio likaanza kutoa maji. Nilikwenda kuwaeleza hilo mara sita. Waliniandalia soda na karanga, wakanisikiliza, wakanisindikiza mpaka mlangoni. Wale ambao jipu liliwarudia walipelekwa Kambini, ng'ambo ya mto, ambako hakuna chumba cha upasuaji. Wanaopelekwa huko tunapewa orodha yao mara mbili, wakienda na wakizikwa.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwaeleza. Manjano hufa pale pale taa inapozimwa. Rangi yangu haifi. Inabaki ikiwaka gizani kwa muda wa pumzi mbili, halafu ndiyo inazimika. Nililigundua hilo siku umeme ulipokatika kliniki, nikamwona mgonjwa wangu akiwa amekaa kwenye giza na mikono yake ya kijani mapajani. Sikuandika popote. Nilijua nikiliandika, wiki ya pili kila geti litakuwa na taa inayojua kuhesabu pumzi.

3

Bi Mwanakombo Ngwali nilimpasua miezi saba kabla ya hayo. Ni kungwi, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiolala. Tulipomweleza habari za rangi alikataa katakata.

"Mwanamke anayeng'aa nani atampa mwanawe amsinge? Nipasue hivi hivi."

"Nikikupasua hivi hivi naweza kukutoa na ulimi wako."

"Basi nitie rangi. Huo ulimi ndio unaonilisha."

Wiki tatu baada ya kutoka wodini alirudi kutolewa nyuzi, amejipaka manjano mpaka nyuma ya masikio. "Daktari wangu, nitazame," aliniambia. "Askari kaniuliza, mbona unang'aa? Nikamwambia, baba, mimi kungwi, nimetoka kusinga mwari. Kanipisha na shikamoo juu!"

Tulicheka mpaka Sista Perpetua akaja kutunyamazisha. Nilijua vizuri alichofanya, na nilifurahi. Baada ya siku hiyo hakuja kliniki tena, na wala sikumtafuta. Nilijiambia kwamba mtu mzima anayecheka vile hana ugonjwa.

4

Idara hawakusubiri siku kumi na moja. Siku ya nne alikuja kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mama. Naitwa Eliudi Mgaya, natoka Idara ya Mageti."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. Alinieleza bila kuzunguka. Baba wa yule bibi harusi alikuwa amekwenda kwa wakubwa wenyewe, na sasa wakubwa wanataka jambo moja kati ya mawili. Ama Idara ipate namna ya kutofautisha manjano na rangi, ama taa zing'olewe, maana hawawezi kugombana na kila harusi ya mji.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza, Mama. Kama tofauti ipo, utakuwa unaijua wewe."

"Na ikiwepo?"

"Tutaweka vipimo vipya. Mabibi harusi watapita. Wenye rangi hawatapita, na hii habari ya kujificha kwenye manjano itakwisha." Alisugua macho. "Mimi sipendi kazi hii, usinifikirie vibaya. Lakini mwezi uliopita tumemkuta mtu kivukoni sikio linachuruzika, na kivuko kimejaa watoto wa shule. Alikuwa amejipaka manjano. Sasa niambie, ningemwacha?"

Swali lake liliniudhi, kwa sababu kwa miaka minne nilikuwa nimezoea watu wa Idara wasio na hoja.

"Tumekuja na watu wawili waliozuiwa leo asubuhi," aliendelea. "Bibi harusi na kungwi wake. Tangu jana askari wameamriwa wasimwamini mtu. Naomba uwatazame kwenye chumba chako cha giza, nami nikiwa na kipimo. Utakachosema ndicho nitakachoandika."

Walipoingizwa, msichana alikuwa analia. Kungwi wake alikuwa Bi Mwanakombo.

Alinitazama kama hanijui.

Chumba cha giza ni kistoo kilichopakwa rangi nyeusi, hakina dirisha, kina viti vitatu na taa inayoning'inia. Tuliingia wanne. Eliudi alikaa kwenye kona na kipimo chake magotini, kioo chake kikiwaka usoni kwake kama cha simu. Niliweka kidole kwenye swichi.

Niliwasha. Wote wawili waling'aa, mikono, shingo, mashavu. Ukiwatazama hivyo ungesema mama na mwanawe.

"Hamsini na nane," alisoma Eliudi. "Na sitini na moja. Zima, Mama."

Nilizima.

Bibi harusi alitoweka kabisa. Mikono ya Bi Mwanakombo ilibaki imekaa gizani peke yake, vidole vimeshikana. Pumzi moja. Pumzi mbili. Ikafifia, ikapotea.

Na juu ya sikio lake la kulia, pale pembeni ya ushungi nilipomshona mimi mwenyewe, kulikuwa na tone moja la kijani ambalo halikupotea. Dogo, kama choroko. Pumzi ya tatu, ya nne, ya tano, bado lipo. Ngozi haifanyi hivyo. Rangi hubaki muda mrefu namna ile pale tu inapokuwa imerundikana juu ya mdudu aliye hai.

"Kimeandika sifuri na sifuri," alisema Eliudi kutoka konani. Alikuwa ameinamia kioo, macho yamejaa mwanga wake. Kipimo chao kinasoma taa ikiwa imewaka tu, na kijana wa watu alikuwa amefundishwa kuamini kipimo. "Wewe umeona tofauti yoyote, Mama?"

Nikisema ndiyo, Bi Mwanakombo angevuka mto jioni ile ile, akasubiri kifo Kambini bila kisu cha kumwokoa. Wengine wote kama yeye wangezuiwa kwenye kila geti kwa pumzi mbili. Nikisema hapana, atakuja mwingine kama yule wa kivukoni, na safari hiyo hakutakuwa na taa ya kumzuia. Yote mawili niliyaona kwa uwazi. Sikuona la tatu.

"Hakuna tofauti," nilisema.

Niliandika hivyo na kutia sahihi, jina langu lote, Daktari Sauda Kilindo, mbele yake. Alikunja karatasi kwa uangalifu akaitia mfukoni.

"Basi taa wataanza kuzing'oa wiki ijayo." Alisimama kidogo mlangoni. "Nasikia unastaafu. Pumzika, Mama. Umefanya kazi."

Ningependa angenitukana.

5

Bibi harusi aliondoka na shangazi zake. Bi Mwanakombo alipotaka kuwafuata nilimshika mkono.

"Kaa. Wewe huendi popote leo."

"Kwani si umesema hakuna tofauti?"

"Kichwa kinakuuma?"

Alikaa taratibu. "Asubuhi, kidogo. Nikasema ni moshi wa udi." Halafu akanitazama vizuri, na uso wake ukabadilika. "Limerudi."

Nilimtazama sikio mara tatu, kwa taa mbili tofauti. Lilikuwa kavu. Hakuwa amemwambukiza mtu, lakini zilibaki wiki mbili au tatu tu kabla halijaanza kutoa maji. Nilijikuta namfokea, mimi niliyetakiwa kumpoza.

"Nilikwambia uje kila mwezi! Kwa nini hukuja?"

"Ningekuja vipi?" Naye alipandisha sauti. "Hapo kwenye geti lako mwenyewe kuna taa! Nikiosha manjano, sipiti. Nisipoyaosha, wewe utaniona vipi? Nawe ndiyo hiyo hiyo taa ya zambarau unayotumia. Sote tulijua ukija na manjano kwa daktari unajisumbua bure."

Nilitafuta kiti.

Miaka ile yote nilikuwa nimejiona mlinzi wao. Nilikuwa nimeificha siri yangu ya pumzi mbili hata wao hawakuijua. Hawakujua kwamba wangeweza kupita getini wamejipaka manjano mwili mzima, wakaja kukaa kwenye kile kistoo, nikazima taa, nikawaona. Nilikaa nasubiri waje, nao walikaa nyumbani kwa sababu yangu. Yule wa kivukoni naye, huenda alikuwa nyumbani miezi mitatu akiamini kwamba hakuna daktari anayeweza kumtazama. Nililia. Sikuwa nimelia kazini tangu mwaka wa kwanza wa homa, na sikujali tena nani ananiona.

Bi Mwanakombo aliniacha nilie nimalize. Kisha nikamweleza, na alipoelewa alipiga kofi pajani.

"Sauda, wewe mwanamke mjinga," alisema, na lilikuwa neno la haki.

"Wako wangapi?"

"Ninaowapaka mimi? Thelathini na sita. Na wanaume wamo. Tunawaambia wake zao ni dawa ya upele."

"Nitajie majina yao."

Kompyuta ya wodi haikufaa, kila kinachoandikwa mle Idara wanakisoma. Daftari la kliniki lina kurasa zenye namba. Karatasi pekee isiyohesabiwa na mtu ilikuwa barua yangu ya kustaafu. Niliigeuza, nikaanza kuandika majina mgongoni mwake.

"Waje keshokutwa," nilimwambia. "Waje na manjano yao vile vile."

"Watu wote hao getini kwa mpigo?"

"Kungwi ni wewe. Utajua wanapitaje."

6

Kesho yake asubuhi nililifungua tena lile dirisha la mfupa. Sikumchoma sindano mpya. Rangi ya miezi saba iliyopita ilikuwa mle ndani, inanisubiri, choroko moja ya kijani kwenye giza la ubongo mzima, mbali na mahali maneno yanapokaa. Nilikata kijani mpaka kilipoishia, nikaacha. Ndilo jambo dogo langu lililokuwa limemfungia yule mama mageti yote ya mji, na ndilo lililokuwa linamwokoa. Sikuona fahari wala aibu. Niliona usingizi.

Alipoamka nilimuuliza jina lake, majina ya wanawe, na leo ni siku gani. Alinijibu yote kwa hasira.

"Na mwari wangu," aliuliza, "ameolewa au bado mnampima?"

Siku iliyofuata, kwenye saa nne asubuhi, tulisikia vigelegele getini. Bi Mwanakombo alikuwa amewaagiza watu wake kutoka kitandani. Walikuja kama watu wanaosindikiza bibi harusi kumwona mgonjwa wao kabla ya nikahi, matarumbeta mawili mbele, na katikati mwanamke wa miaka hamsini kafunikwa shela, anayetembea kwa aibu nyingi kuliko kawaida. Taa ya geti iliwaka, kipimo kikapiga kelele, na askari, waliochoka kutukanwa na watu wa harusi na walioshasikia kwamba taa zitang'olewa, wakafungua.

Sista Perpetua aliwapanga kwenye korido. Nilikuwa nimemweleza usiku uliopita, na aliniuliza swali moja tu, kwamba nikishastaafu, nani atazima taa. Nilimkalisha kwenye kistoo ajifunze kuhesabu pumzi.

Aliyevaa shela alikuwa safi. Wa pili safi, wa tatu safi. Wanakaa, nawasha, nazima, nahesabu, mikono inafifia, nawaambia nendeni mkapumzike. Wengine walinibusu mkono na niliuvuta. Ilipofika saa saba mgongo ulikuwa unaniuma na nilikuwa nimepitisha ishirini na watatu.

Wa ishirini na nne alikuwa mwanamume mwenye ndevu za mvi, fundi viatu, amepaka manjano vibaya vibaya kama mtoto aliyejipaka unga. Alijitambulisha kwa jina la Kassimu Pazi. Alikuwa na pamba sikioni.

"Ina muda gani hiyo pamba?"

"Wiki mbili, Daktari. Inalowa, nabadilisha."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Mke wangu na wajukuu watatu." Alitabasamu kwa adabu. "Ningekuja mapema, lakini nilisikia na manjano huwezi kutuona."

Nilizima taa. Pumzi mbili zilipita na mikono yake ikazimika. Juu ya sikio kijani kilibaki, kikubwa kama kitufe cha koti, na chini yake mstari mwembamba ulioteremka mpaka shingoni. Sista Perpetua alinong'ona jina la Mungu. Nilikaa gizani nikalitazama lile doa, nikafikiri juu ya wale wajukuu watatu, na juu ya sahihi yangu mfukoni mwa yule kijana. Taa za mageti zilikuwa zimemwona huyu mzee kila siku kwa miezi, na hazikumwona. Nami sikumwona kwa sababu nilinyamaza. Sijui nani kati yetu atakayeulizwa.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Mbaya, baba. Lakini kesho asubuhi nakutoa hilo jipu. Leo unalala hapa." Niliwasha taa ya kawaida. "Nitajie majina ya wajukuu zako, na kila mtu aliyelala nyumba moja nawe kwa wiki hizi mbili."

Alianza kuyataja, na hakuishia kwa wajukuu, maana kulikuwa na wapangaji wawili na shemeji aliyekuja msibani. Niliyaandika kwa herufi ndogo, pembeni, kuzunguka alama za chai zilizopenya karatasi, hadi nilipofika chini kabisa. Niliigeuza barua. Upande wa mbele ulikuwa na jina langu, tarehe ya mwisho wa kazi na shukrani za serikali. Niliandika hapo pia, juu ya maneno yaliyochapwa, mpaka tarehe ikawa haisomeki.

"Sista," nilisema, "hii imejaa. Nitafutie karatasi nyingine, halafu mwite wa ishirini na tano."